NC State 2021: timu inatolewa saa 7 usiku kwa karatasi, hii haki gani??

Wakuu, kila Juni Omaha wakianza fainali za besiboli ya vyuo kule Marekani hasira zangu zinapanda upya, na leo naimwaga yote maana kuna watu humu wanasema eti NC State, timu ya chuo cha North Carolina, "waliyataka wenyewe" kutolewa kwa korona.

Waliyataka nini? Ile timu ilipigwa 21-2 na Arkansas, namba moja nchi nzima, kila mtu akaizika, ikaamka ikashinda 6-5 na 3-2 tena ugenini ndo ikaenda Omaha. Kule ikamtandika Stanford halafu ikakutana na Vanderbilt (Vandy) ya mrushaji Jack Leiter, dogo akatoa wapigaji 15 kwa straiki na bado akalala 1-0, homurani moja tu (pigo la kuvuka uzio) ya Terrell Tatum wa NC State. Yaani imebaki mechi moja waingie fainali, kitu ambacho chuo chao hakijawahi kukiona, na pale hutoki mpaka ufungwe mara mbili.

Ijumaa korona ikaingia kambini. Mechi ikacheleweshwa, wakaingia na watu 13, kumi na tatu jamani, wamemkabili Kumar Rocker, mrushaji mwingine wa Vandy, wakafungwa 3-1 tu!! Sasa kila upande umefungwa mara moja, Jumamosi ndo wamalizane. Saa 7 usiku NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo, wanatoa tamko, mechi haipo, Vandy anapita. Aisee.

Sipingi kupima. Ila utaratibu wao ulikuwa aliyechanjwa hapimwi kama hana dalili, baadae wenzake walipokutwa nayo ndo wakapima timu nzima, waliochanjwa nao wakaunguzwa humo humo. Na mashabiki zaidi ya 20,000 wamejazana majukwaani, wao kipimo hawadaiwi!

Kocha Avent alipoulizwa habari za chanjo alikwepakwepa, hapo simtetei hata kidogo. Ila madogo waliochanjwa kosa lao nini? Na Vandy wala sina ugomvi nao, walikuja kunyukwa na Mississippi State waliobeba ubingwa wao wa kwanza, hongera zao.

Sasa nyie mnaoitetea NCAA njooni hapa mnijibu, Ijumaa mchana watu 13 waliruhusiwa kucheza, fainali yenyewe ni Jumatatu, ilishindikana nini kusubiri hata siku moja? Na msiniletee habari za ratiba ya TV.