Nimepungua kilo 11, mbona njaa ndio imezidi?

MlinziKondele: Wadau habari zenu. Niko hapa Kisumu, nalinda geti shifti ya usiku. Toka Januari nimekata chapo na soda, jioni ugali ni ngumi moja tu na sukuma, nimetoka kilo 96 mpaka 85. Nilidhani mwili utazoea lakini wapi, njaa imekuwa mbaya kuliko kitambo. Jana asubuhi nikitoka job nimepita kwa mama mandazi pale steji nikisema nichukue mbili na chai, nikala saba, ya nane akanifungia kwa gazeti nikaimaliza kabla nifike kwa nyumba. Bibi yangu anasema ni ulafi umerudi. Ni kweli ama kuna kitu mwilini?

BudaNaks: Kunywa maji ya ndimu asubuhi na uache visingizio.

TichaBayo: Hayo maji atakojoa na njaa abaki nayo 😂 Ndugu huo si ulafi. Mafuta ya mwili yanatoa homoni inaitwa leptini, inaenda na damu mpaka chini ya ubongo kwa haipothalamasi kusema akiba iko. Ukipoteza kilo 11 leptini inashuka, na ubongo haujui ni wewe umeamua kupungua, unaona tu ghala linaisha na mvua haijanyesha. Pale kuna niuroni, yaani seli za neva, za aina mbili zimekaa jirani, za AgRP zinakusukuma ule na za POMC zinasema imetosha. Leptini ikishuka hizi za AgRP zinapata uwanja peke yao, na ujue hazina mchezo, kwa maabara wakiziwasha na mwanga panya ameshiba anarudi kwa chakula dakika chache tu. Tena mwili unaanza kubana matumizi, unachoma kidogo kuliko ulivyokuwa unachoma, ndio maana kilo za mwisho ni ngumu hivyo.

Huyo mama watoto mwambie kule Minnesota, Marekani, 1944 na 1945 wanaume 36 walijitolea kulishwa kidogo kwa miezi sita, watu wazima na akili zao, wakawa wanawaza chakula mchana na usiku, na waliporuhusiwa kula tena wengine walikula mpaka tumbo linauma na bado wanasikia njaa.

SistaNaks: Na hakuna mtu amemuuliza analala saa ngapi! Kuna utafiti wa Chicago wa 2004, vijana 12 walilala masaa manne usiku mbili tu, leptini ikashuka asilimia 18 na grelini, hiyo homoni ya njaa inatoka kwa tumbo, ikapanda asilimia 28. Na walitamani hasa vitu vya wanga na sukari. Mandazi hayo.

MlinziKondele: Sista nalala masaa manne, watoto wanapiga kelele. Sasa si mtu adungwe hiyo leptini mambo yaishe?

TichaBayo: Wengi walidhani hivyo ilipogunduliwa 1994 na timu ya Jeffrey Friedman, New York. Shida mtu mnene leptini anayo tele, ni ubongo hausikii. Inasaidia sana wale wachache walizaliwa bila hiyo homoni. Sindano za siku hizi zinaiga homoni ingine ya matumbo, GLP-1, na bei yake si ya mlinzi wala ya mwalimu.

MlinziKondele: Sawa. Leo nimebeba mayai mawili na omena nikakula kabla ya kutoka shifti, nimechukua mandazi mbili. Mama ameniuliza kama naumwa.