Dabo ya wanawake Nakuru: utaratibu wa taibreka ya pointi 10

mratibu_nakuru: Hamjambo wadau. Tunaandaa mashindano ya tenisi ya dabo (wawili kwa wawili) ya wanawake hapa Nakuru, jozi 13, viwanja viwili, Jumamosi na Jumapili. Tunataka kufuata mfumo wa WTA, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanawake: seti mbili, na wakifungana seti moja kwa moja, taibreka (mchezo mfupi wa kuamua mshindi) ya pointi 10. Je, kabla ya taibreka hiyo jozi inaruhusiwa kubadilisha anayetangulia kusevu (kuanzisha mpira)? Pia nisaidieni kupanga droo.

mwamuzi_wa_bonde: Ndiyo, inaruhusiwa. Taibreka hiyo inachukua nafasi ya seti ya tatu, kwa hiyo kila jozi inaweza kupanga upya nani anasevu kwanza na nani anapokea upande gani. Kisichobadilika ni zamu ya jozi: ambao zamu ya sevu ingewafikia ndio wanaoanza. Anayeanza anasevu pointi moja akiwa kulia, kisha kila mchezaji anasevu mbili mbili. Pande zinabadilishwa kila baada ya pointi 6. Kabla ya kuanza wapewe sekunde 120 za mapumziko, na mipira isibadilishwe hapo hata kama muda wake umefika.

Kushinda ni kwa tofauti ya pointi mbili. Angella Okutoyi na Rose Marie Nijkamp walipotwaa dabo ya wasichana Wimbledon mwaka 2022, taibreka iliishia 11-9.

Penye ugomvi zaidi ni gemu inapofungana 40-40. Inachezwa pointi moja tu, na wanaopokea ndio wanaochagua sevu ije kulia au kushoto. Wasibadilishane nafasi! Aliyekuwa akipokea kushoto abaki huko mpaka seti iishe. Wakigundulika wamepishana, gemu hiyo imalizike hivyo hivyo, kisha gemu inayofuata ya kupokea warudi pande zao.

droo_na_ratiba: Dada mratibu, tumia droo ya 16 yenye nafasi 3 za bure (kuvuka raundi ya kwanza bila kucheza), ziende kwa jozi bora namba 1, 2 na 3. Namba 1 mstari wa 1, namba 2 mstari wa 16. Namba 3 na 4 mzipigie kura kati ya mstari wa 5 na wa 12. Hapo raundi ya kwanza ina mechi 5, robo fainali 4.

Anzeni na robo ya droo isiyo na nafasi ya bure, kwani huko kuna mechi mbili za awali na washindi wake wanahitaji kupumzika kabla ya kukutana. Kwa dakika 90 kila mechi, mkianza saa mbili asubuhi mtamaliza robo fainali saa tisa na nusu alasiri. Mvua ya jioni isiwakute na mechi mkononi.

mwalimu_wa_raketi: Msisahau mipira, mwalimu yeyote wa Nakuru atawaambia. Mji uko juu ya mita 1,800, hewa nyepesi, mpira wa kawaida unadunda sana na lobu (mipira ya kuinuliwa juu) zinatoka nje. Sheria za ITF, shirikisho la tenisi la kimataifa, zinaruhusu mipira maalumu kuanzia mwinuko wa mita 1,219. Kipimo chake hufanywa usawa wa bahari: ukiangushwa kutoka sentimita 254, wa kawaida hudunda takriban 135 hadi 147, huu maalumu 122 hadi 135. Agizeni mapema na muwape wachezaji waufanyie mazoezi, maana anayezoea wa kawaida atakuwa anaacha voli zake (mipira inayopigwa kabla ya kudunda) wavuni.

Na vijiti vya singo, vinavyoinua wavu kwa mchezo wa mmoja kwa mmoja, viondolewe wavuni. Vikibaki, wavu unainuka kwenye korido za pembeni, ambazo hutumika katika dabo, na kuzizuia ritani (mipira ya kurudisha sevu) zinazopita huko.

mratibu_nakuru: Asanteni sana. Vijiti bado viko wavuni, naviondoa leo.