Washangiliaji wa shule: Texas na Aichi, pomponi zilezile, maisha mbalimbali

Kutoka: mzazi, Plano, Texas
Mada: Washangiliaji wa shule, naomba mwongozo

Shikamooni wakubwa, na salaam kwa wote.

Kuna familia kadhaa hapa Plano ambazo kazi inazipeleka mkoa wa Aichi, Japani, kuanzia Aprili. Mabinti zao wamo kwenye vikundi vya washangiliaji hapa (cheerleaders, wale wanaoongoza kelele na dansi kwenye mechi za shule wakitikisa pomponi, vile vishada vya mkononi) na wanaamini watavikuta vilevile huko. Kuna pia waliofika Texas juzi tu kutoka Bukavu na Kigoma, ambao hata mchujo wa hapa hawaujui unakwendaje. Aliye na uhakika atueleze pande zote mbili: kuingia, gharama, nywele, hijabu, bima, na wenzao shuleni wanawatazamaje.

* * *

Kutoka: Fort Worth
Re: Washangiliaji wa shule

Dada, naanza na Texas.

Hapa mtoto anaingia kwa mchujo, na mchujo wa mwaka ujao wa shule hufanyika kati ya Machi na Mei, mwaka wa sasa ukiwa bado haujaisha. Mzazi anayefika Agosti na kuanza kuulizia amekwisha kuchelewa, labda kocha awe na nafasi iliyobaki. Kwa hiyo Januari ingia kwenye ukurasa wa shule, tafuta jina la kocha, umwandikie akutumie fomu za mchujo.

Watu wetu hukwamishwa zaidi na makaratasi kuliko na mazoezi. Fomu ya afya lazima iwe na saini ya daktari, na iwe fomu ya jimbo lenyewe. Barua ya kliniki yenye maneno mazuri haikubaliki. Kikao cha wazazi mara nyingi ni cha lazima, na shule nyingine humwondoa mtoto ambaye mzazi wake hakusaini daftari. Tena kuna maksi: tangu 1984 sheria ya Texas inamzuia mwanafunzi aliyepata chini ya 70 kwa 100 katika somo lolote la kawaida asishiriki michezo wala maonyesho kwa wiki 3 au zaidi. Mazoezi anaweza kuendelea nayo, ila Ijumaa usiku, wakati wa mechi, atakaa jukwaani na watazamaji.

Mchujo wenyewe hutanguliwa na siku 2 au 3 za mafunzo. Wanafundishwa wito mmoja, dansi fupi na miruko. Siku ya mwisho wanaingia wawili wawili au watatu watatu, namba kifuani, mbele ya waamuzi. Binti anayetoka kwetu hupoteza alama mahali pawili: anatazama chini, na sauti yake haitoki. Amelelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, na hapo hayo hayo mema yanasomwa kama woga. Mfundisheni kuchagua kitu kilicho juu ya vichwa vya waamuzi, saa ya ukutani kwa mfano, akipigie kelele kile. Sauti itoke tumboni, maneno yakatwe moja moja. Sarakasi ya kurudi nyuma kwa mikono huongeza alama sana, lakini huchukua miezi ya mazoezi kwenye ukumbi wa jimnastiki. Asiijaribu nyumbani kwenye zulia.

Gharama: sare, viatu, koti, begi, riboni, pomponi na kambi ya kiangazi. Jumla huweza kufika mamia ya dola na kupita, na sare zikishakatwa kwa kipimo cha mtoto hazirudishwi. Kabla ya mchujo, si baada yake, muulizeni kocha mambo mawili kwa barua pepe: je, kuna malipo ya awamu? Je, kuna sare za shule za kuazima? Makocha wengi husaidia wakiambiwa mapema. Akiambiwa mwezi Juni, fedha ya kampuni ya sare imekwisha kutumwa.

Kuhusu heshima shuleni. Ile picha ya filamu, ya mshangiliaji kama malkia na mpenzi wake mcheza mpira, ina mizizi katika miji midogo ambako Ijumaa usiku mji mzima uko uwanjani. Katika shule ya jiji yenye wanafunzi 3,000, wengi hawajui hata majina yao. Lakini mahali pamoja picha hiyo bado ina nguvu: wiki ya Homecoming, msimu wa vuli, wanapokaribishwa wahitimu wa zamani. Kila siku ina vazi lake, Ijumaa kuna mkutano wa hamasa ukumbini, usiku mechi, kisha dansi. Texas kuna pia ua kubwa la bandia la krisanthemamu lenye riboni hadi magotini, ambalo wasichana hulivaa kifuani siku hiyo. Bei zake ni kubwa mno. Nunueni vifaa dukani mtengeneze nyumbani, wengi hufanya hivyo na hakuna anayecheka.

Msisahau kwamba kazi ya mshangiliaji wa hapa ni kuwaongoza watu. Jambo hili lilianzia Chuo Kikuu cha Minnesota, 1898, mwanafunzi Johnny Campbell aliposimama mbele ya jukwaa akawaongoza wenzake kupiga kelele. Kwa miaka mingi wakawa wanaume tu; wanawake waliingia Minnesota mwaka 1923. Hata mashindano ya jimbo la Texas, yaliyoanza 2016, hupima zaidi namna kikundi kinavyouamsha umati.

* * *

Kutoka: Nagoya
Re: Re: Washangiliaji wa shule

Asante, kaka wa Fort Worth, umeeleza vizuri. Mimi nashika upande wa Japani, na naomba wazazi wa Plano wasome taratibu, maana jambo la kwanza ni hesabu ya madarasa.

Sekondari ya juu ya Japani ni miaka 3 tu, na huanza darasa la 10 la Marekani. Mtoto wa darasa la 9, ambaye Texas ni mgeni wa sekondari, huku anahesabiwa mwaka wa mwisho wa shule ya kati. Na mwaka wa mwisho, shule ya kati au ya juu, vilabu huachwa karibu na kiangazi ili watu wajiandae kwa mitihani ya kuingilia shule inayofuata. Kwa hiyo binti wa darasa la 9 au la 12 akifika Aprili ana miezi michache tu ya klabu. Wa darasa la 10 na 11 ndio wana nafasi. Tena sekondari ya juu huingiwa kwa mtihani hata kwa anayehama, kwa hiyo ulizeni bodi ya elimu ya mkoa miezi kadhaa kabla ya safari.

Klabu ya shule inaitwa bukatsu. Kwa kawaida hakuna mchujo. Aprili vilabu hujitangaza, wanafunzi hujaribu kwa wiki moja au mbili, kisha hujaza fomu iitwayo nyubu-todoke yenye saini au muhuri wa mzazi. Kuingia ni rahisi. Ugumu ni kukaa. Mazoezi ni mwaka mzima, hakuna msimu. Mwongozo wa serikali, tangu 2018, unataka siku 2 za mapumziko kwa wiki, moja kati yake iwe Jumamosi au Jumapili, na mazoezi ya takriban saa 2 siku za kazi na saa 3 siku za mapumziko. Ulizeni klabu inaufuata au la, kabla hamjaweka saini. Texas swali kubwa ni "ni pesa ngapi?", huku ulizeni "ni siku ngapi?"

Angalieni pia jina la klabu. Chiaridingu ina kurushana na piramidi za watu. Chia-dansu ni dansi na pomponi, miguu haiachi sakafu kwa kubebwa. Baton ni kuzungusha fimbo. Binti aliyezoea kurushwa juu akijiandikisha chia-dansu atalia, na aliyekuja kucheza dansi akiingia chiaridingu atajikuta amembeba mwenzake mabegani. Na chia-dansu wasiidharau: wasichana wa sekondari ya biashara ya Fukui, timu ya JETS, walikwenda kushinda mashindano Marekani mwaka 2009.

Wenzao watawatazama namna gani? Mjapani anayesikia "chialida wa Marekani", yaani mshangiliaji, naye anaona ile filamu. Lakini chialida wa shule yake mwenyewe anamwona kama mwanamichezo mwenye nidhamu na mchangamfu, wala hakuna taji linalokuja na pomponi. Mtoto hapati jina kwa kuonekana. Hulipata kwa kufika kabla ya wengine na kutandika mikeka. Aliyetangulia darasa ni senpai, hata kama amempita kwa miezi 3 tu ya umri. Anaamkiwa kwanza, kwa sauti. Wa mwaka wa kwanza hubeba maji, hufuta sakafu. Mtoto aliyekulia Marekani hukasirika, akaona ni unyanyasaji. Lakini wazazi mliosoma shule za bweni Tanzania, Kenya au Kongo mnaijua hali ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mbele ya wa mwaka wa mwisho. Mwelezeni kwa lugha hiyo na ataelewa upesi. Kinachovuka mpaka ni kupigwa, kunyimwa maji, kutukanwa: hayo hayahesabiwi mila, apelekewe mwalimu mlezi wa klabu siku hiyohiyo.

Kutohudhuria kuna adabu yake. Anayeumwa anamjulisha kapteni na mwalimu yeye mwenyewe, kabla ya mazoezi. Salamu za kupitia rafiki zinahesabiwa utoro.

Ushangiliaji wa Japani una mzazi mwingine asiye Mmarekani, oendan: vijana wenye koti jeusi refu, kitambaa kichwani, glavu nyeupe, ngoma na bendera. Katika mashindano ya besiboli ya sekondari uwanja wa Koshien utawaona pamoja, oendan, bendi ya tarumbeta na wasichana wa pomponi. Hapo ndipo mabinti wa Texas hukosea. Kwenye futiboli ya Marekani unapiga kelele kubwa zaidi mpinzani akiwa na mpira, umvuruge asisikie. Koshien unashangilia timu yako ikiwa inapiga. Ikilinda, unakaa na kutulia. Pia kuna kupeana salamu: upande mmoja unaushangilia upande wa pili kwa jina la shule yake, nao wanajibu. Shule ya Keio ilipotwaa ubingwa wa kiangazi huko Koshien 2023, watu walijadili kelele za mashabiki wake karibu sawa na mchezo wenyewe.

Agosti jukwaani ni jua la kuchoma. Chupa ya lita 1.5 au zaidi, vidonge vya chumvi, taulo lililoloweshwa shingoni. Akiacha kutoa jasho au akajibu ovyo, atolewe kivulini bila kungoja ruhusa ya mtu.

* * *

Kutoka: Columbus, Ohio
Re: nywele na hijabu

Assalaam alaykum. Naongeza la hijabu kwa upande wa Marekani. Mwandikieni kocha kabla ya mchujo, si siku ya kupima sare. Ombeni vitu vitatu kwa majina: hijabu ya michezo ya kuvuta yenye rangi ya timu, fulana ya mikono mirefu chini ya sare, suruali ya kubana chini ya sketi. Pini zisiwepo kabisa, hata moja. Anayerushwa hudakwa kwa mikono na vifua vya watu, na pini ikichomoka inaingia jichoni kwa mdakaji. Kwa sababu hiyohiyo shanga za mwisho wa misuko ziondolewe. Twende kilioni iliyobana, ikafungwa nyuma, haina tatizo kwa makocha wengi.

* * *

Kutoka: Nagoya
Re: Re: nywele na hijabu

Nywele Japani zinahitaji maandalizi zaidi. Sekondari za juu za umma za jiji la Tokyo ziliacha kulazimisha nywele nyeusi kuanzia Aprili 2022, lakini kila shule nchini ina kanuni zake, na baadhi hudai cheti cha nywele za asili, jige-shomeisho. Februari 2023, huko Himeji, shule ilimkalisha kijana mwenye asili ya Kiafrika mbali na wenzake kwenye mahafali yake kwa sababu ya kusuka twende kilioni. Jambo lile liliumiza wengi huku.

Kwa hiyo, siku ya mahojiano na shule nendeni na picha mbili za binti, nywele zikiwa zimefumuliwa na zikiwa zimesukwa, na barua ya nusu ukurasa kwa Kijapani: misuko inazuia nywele kukatika, kuifumua ni saa nyingi, haiwezi kufumuliwa kwa siku moja. Ombeni jibu la maandishi. Na litajeni jambo la sherehe na mashindano waziwazi, kwa kuwa ruhusa ya siku za kawaida inaweza isifike siku ya mahafali.

Bima sasa. Karibu shule zote zimo kwenye mfuko wa misaada wa Baraza la Michezo la Japani, na majeraha ya bukatsu yanahesabiwa ya shuleni. Sharti: gharama nzima ya tiba ifike yeni 5,000, yaani wewe umelipa 1,500 dirishani, kwa bima inayokuachia ulipe asilimia 30. Mfuko hurudisha asilimia 40 ya gharama nzima. Tiba ya yeni 20,000: umelipa 6,000, unarudishiwa 8,000. Mtoto aripoti siku hiyohiyo chumba cha afya cha shule; mwalimu wa afya atatoa fomu ya kujazwa na hospitali, moja kwa kila mwezi na kila hospitali. Manispaa nyingi hazitaki utumie kadi ya tiba ya bure ya watoto kwa jeraha la shuleni, kwa hiyo mwambieni karani mapema. Haki ya kudai hufa baada ya miaka 2.

* * *

Kutoka: Fort Worth
Re: Re: Re: bima

Huku ni kinyume: bima ya familia ndiyo hulipa kwanza, na ya shule, ikiwepo, hufidia kilichobaki. Mtoto akigonga kichwa, atolewe mazoezini palepale na asirudi bila barua ya daktari, hata akisema yuko sawa.

Na simu. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji 8 kwa 1, kwamba shule ya umma ya Pennsylvania ilikosea kumwondoa mshangiliaji kikundini mwaka mzima kwa matusi aliyoyaweka Snapchat mwishoni mwa wiki, nje ya shule, baada ya kukosa nafasi ya timu kubwa. Wazazi wengi huisikia nusu. Uamuzi ule hauzihusu shule za binafsi, na vitisho au uonevu shule bado inaweza kuviadhibu. Mkataba mtakaopewa baada ya mchujo una ukurasa wa mitandao. Usomeni pamoja na binti kabla ya kalamu kugusa karatasi.