Ua la watu linapoteza bluu, naombeni ushauri wakuu

Kibanda_Uyole: Wakuu, habari za vumbi. Nipo Uyole. Nimeachiwa hosta moja, ile Elegans, majani mapana kama sinia, bluu ya moshi. Ipo chini ya mparachichi, kivuli kimetulia, samadi ipo, maji napiga. Sasa bluu inaondoka, majani yanabaki kijani kama chainizi. Mwenyewe anarudi Jumapili. Nifanyeje?

Kiazi_Mviringo: Uyole ya viazi mtu anahangaika na majani yasiyopikwa!

MamaTukuyu: Kwao Japani machipukizi yake wanakula, mdogo wangu. Angalia konokono. Mimi walinimalizia kitalu kizima cha maua usiku mmoja, nikawa nawaokota na tochi, mume wangu akadhani nimerukwa na akili.

Fundi_Bustani: Mkuu, hayo majani unayafanya nini?

Kibanda_Uyole: Nayafuta tu. Kila asubuhi, kitambaa, maji ya sabuni, na tone la alizeti yang'ae. Malori ya Tunduma yanatimua vumbi. Ua la watu nilikabidhi chafu?

Fundi_Bustani: Basi umeifuta bluu yenyewe. Jani ni kijani, juu yake kuna nta. Chukua kabichi, pitisha kidole gumba: ule unga unatoka, unabaki mstari unaong'aa. Jani lililofutwa ndiyo basi, subiri mapya. Maji mwagia shinani.

Kibanda_Uyole: Usafi haujawahi kuua mmea. Mimi nahisi linakosa mwanga, na shimo penye jua nimeshachimba.

Fundi_Bustani: Jua litamalizia nta iliyobaki na kubabua majani. Fukia.

Makete_Baridi: Lilete huku. Linapenda baridi, majani yafe yote, lilale, ndiyo lichipue vizuri.

Mnusa_Chai: Hii chai, wakuu. Hosta Uyole? Juzi huyu huyu alikuwa Morogoro anauza pikipiki. Ua la nani? Picha iko wapi?

Kibanda_Uyole: Pikipiki ilikuwa ya kaka. Ua ni la mama mkwe, alimegewa shina na bosi wake wa zamani, mzungu. Picha siweki, yumo humu. Na mahari sijamaliza.

MamaTukuyu: Weee! Ng'ombe wangapi bado?

Kibanda_Uyole: Wawili.

Kiazi_Mviringo: Jumapili watakuwa watatu.

Kibanda_Uyole: Shimo nimefukia. Fundi, haya mafuta yanatokaje?