Kopi ya zamani ya Mona Lisa au picha ya Raphael: nichukue ipi?

MtuWaPangani
Wakuu habari za jioni. Nipo Italia kimasomo, na leo nimeshuka Arezzo kwenye lile gulio la vitu vya kale la kila mwezi. Nimekutana na picha mbili zilizochorwa kwa mkono. Moja ni kopi ya Mona Lisa, muuzaji anasema ni ya karne ya 19, anataka euro 600. Nyingine ni kopi ya ile picha mchoraji Raphael aliyojichora akiwa kijana, iliyopo makumbusho ya Uffizi, Florence, euro 450. Zote zimenikaa moyoni, ila hela inatosha moja tu. Kesho Jumapili jioni wanafunga. Nichukue ipi?

FundiFremu
Mkuu, umetupa bei mbili basi! Ukubwa je? Imechorwa kwenye turubai (kitambaa) au ubao? Nyuma umepageuza ukapaangalia? Na unanunua ya kutundika, ya kuuza au ya zawadi? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

BintiMalindi
Chukua Raphael. Mona Lisa ipo kwenye kalenda, vikombe na mafulana, mtu akiingia sebuleni wala haitazami mara mbili. Ile ya Raphael halisi haifiki hata nusu mita kwa urefu, kwa hiyo nakala yake inaingia kwenye begi.

Kipanga77
Mimi nasema Mona Lisa. Mwaka 2021 kopi yake iliuzwa mnadani Paris kwa euro milioni 2.9. Huwezi jua.

FundiFremu
Kipanga usimponze mwenzio. Ile ilikuwa ya karne ya 17, na mmiliki wake, Hekking, alipiga kelele miaka mingi kwamba ndiyo halisi hadi ikapata jina. Ya gulioni isipimwe kwa bei hiyo.

MtuWaPangani
Samahani, niliandika kwa haraka. Mona Lisa ni turubai, kama sm 62 kwa 42. Kitambaa nyuma kimekuwa kahawia, misumari midogo ina kutu, na kuna mhuri uliofutika. Raphael iko juu ya ubao. Ni ya kumpelekea mama nyumbani Pangani.

MwanaLouvre
Ngoja, hivyo vipimo. Mona Lisa halisi ya Leonardo da Vinci ni sm 77 kwa 53. Punguza moja ya tano kila upande, unapata karibu kabisa na hiyo yako. Wanaonakili ndani ya Louvre, makumbusho ya Paris ilipo Mona Lisa halisi, hutakiwa kubadili ukubwa kwa moja ya tano, na turubai hugongwa mhuri nyuma. Haithibitishi umri, lakini kesho upige picha ya huo mhuri kwa mwanga wa kutoka ubavuni.

MzeeWaFeri
Mwanangu, sikiliza yaliyonipata. Nikiwa Ubelgiji nilinunua Mona Lisa "ya mkono" kwa euro 380. Ilikuwa na nyufa, vanishi ya manjano, hata mikwaruzo ya brashi ukipapasa. Nikaileta Dar kwa ndege nikiwa nimeipakata kama mtoto mchanga. Masika ya kwanza tu, kona ya chini ikaanza kunyanyuka. Nikadhani ni rangi inabanduka, nikampelekea fundi. Akaivuta taratibu, chini kukawa na karatasi! Ilikuwa picha iliyochapwa kiwandani, ikagandishwa kwenye turubai, ikakandamizwa ili ionekane ina brashi, kisha ikapakwa vanishi. Kwa kioo cha kukuzia unaona vidoa vidoa vya wino. Hela haikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimeshawaonyesha wanangu kama urithi wao. Kesho nenda na kioo, tazama mikono na kope.

FundiFremu
Na tochi ndogo ya kukagulia noti. Vanishi kuukuu huwaka kijani kijani, palipopakwa rangi upya panaonekana peusi.

Kipanga77
Mkiacha hayo, Mona Lisa ni ya Waitaliano. Napoleon aliwapora, ndiyo maana yule Mwitaliano Peruggia akaiiba Louvre mwaka 1911.

MwanaLouvre
Peruggia alidai hivyo, lakini si kweli. Leonardo mwenyewe alikwenda nayo Ufaransa alipoalikwa na mfalme François I, akafia Amboise mwaka 1519. Napoleon aliitundika chumbani kwake tu. Peruggia alikamatwa Florence mwaka 1913 akijaribu kuiuza.

Kipanga77
Na ile *Harusi ya Kana* ya mchoraji Veronese inayotazamana nayo ukumbini Louvre?

MwanaLouvre
Hiyo ndiyo iliporwa, Venice, mwaka 1797. Hapo uko sahihi.

BintiMalindi
Jamani, kijana ana hadi kesho! Mkuu, muulize pia karatasi za kusafirishia. Italia kazi ya sanaa iliyozidi miaka 70 haitoki hivi hivi, hata ya bei ndogo inahitaji tamko.

FundiFremu
Na ubao hapo pwani? Unavimba masika, unasinyaa kiangazi, rangi inapasuka. Bado kuna mchwa. Kwa hilo tu mimi ningeacha Raphael. Nyumba ya mama ni ya tofali au ya mawe na chokaa?

MtuWaPangani
Mawe na chokaa, ya babu. Sebule inatazama mto.

BintiMalindi
Hata turubai itaota ukungu hapo.

FundiFremu
Isipogusa ukuta haioti. Weka vipande vya kizibo kwenye kona nne nyuma ya fremu, hewa ipite. Na iwe ukuta wa ndani, si ule wa upande wa mto.

MtuWaPangani
Ukuta wa ndani una picha ya marehemu babu. Mama hatakubali ihamishwe. Nimepata kioo cha kukuzia kwa jirani, kesho napanda treni ya asubuhi.