Wauza memori na wajaza nyimbo wa Mwanza, mtatutia hasara mpaka lini? Redio ya gari haina kosa

Wakuu, salamu leo nimeziweka kando.

Kila siku watu wanang'oa redio nzima kwenye IST na Noah, wanaambiwa "hii imekufa, nunua nyingine". Redio mpya inafungwa, memori ile ile inachomekwa, mgomo unaendelea pale pale. Kosa liko kwenye kile kikadi na kwa mtu aliyekijaza.

Tuanze na wizi wa wazi. Kadi imeandikwa GB 64, ndani ina GB 8 au pungufu. Chipu yake imepangwa kuidanganya kompyuta. Nyimbo za mwanzo zinapiga vizuri. Zinazofuata zina jina na ukubwa kamili, ila ndani ni hewa: redio inaruka, inaganda au inatoa mkwaruzo. Ndiyo maana muuzaji anakuonesha idadi ya nyimbo tu, hafungui wa mwisho. Kipimo kipo na ni cha bure: programu ya H2testw kwenye Windows, F3 kwenye Linux. Zinaijaza kadi tupu mpaka ukingoni, kisha zinasoma kama kilichoandikwa kimebaki vile vile. GB 32 inayoandika kwa MB 10 kwa sekunde inakula dakika kama 53 kuandika tu, kusoma bado. Najua hakuna wa kukuachia kompyuta yake saa nzima. Basi jazisha, ichomoe kwa utaratibu, irudishe, ndipo ufungue nyimbo 5 zilizonakiliwa mwisho. Usiporuka hatua ya kuchomoa utaona ukweli. Ukiiruka, kompyuta inaweza kukupigia wimbo kutoka kwenye kumbukumbu yake yenyewe, ukaondoka unacheka.

Halafu hao hao wanakuongezea bei kwa kuwa kadi ni "Class 10, ya kasi", yaani daraja la kasi ya kuandika. Kasi ya nini? Wimbo wa kilobiti 320 kwa sekunde unahitaji KB 40 kwa sekunde. Class 4 inatoa MB 4, yaani mara 100 ya hizo. Kasi ni ya kamera.

Pili, fomati, yaani mfumo wa kupanga mafaili ndani ya kadi. Kadi za GB 64 kwenda juu zinatoka kiwandani na exFAT, na redio nyingi za zamani zinajua FAT16 na FAT32 basi. Inaandika NO FILE, na fundi anaanza kufungua dashibodi. Dirisha la kawaida la kufomati la Windows halikupi FAT32 ikizidi GB 32. Tumia programu ya Rufus, kwenye aina ya kadi chagua isiyo ya kuwasha kompyuta (Non bootable), weka FAT32. Redio nyingi zitaisoma. Ikikataa hata hapo, huenda kikomo chake ni GB 32, nunua hiyo na usibishane nayo.

Sasa majina, na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Kibanda kinaandika jina lake, mtaa na namba ya simu kwenye kila wimbo, kisha kinamwaga vyote nje bila folda. Kadi ndogo ya GB 2 ina FAT16, na eneo lake la juu, yaani nje ya folda zote, lina nafasi 512 za majina, haziongezeki. Jina refu linakula nafasi 1 kwa kila herufi 13, na 1 ya ziada kwa jina fupi. Jina la herufi 40 linakula nafasi 5. Piga hesabu: ukifika nyimbo 102 kadi inasema imejaa, na nusu yake bado ni tupu! Mteja anauziwa kadi kubwa zaidi ilhali angetengenezewa folda tu, maana ndani ya folda kikomo hicho hakipo.

Na lile tangazo lao wanalibandika kama kava. Picha ya MB 2 kwenye nyimbo 1,000 ni GB 2 za sura ya kibanda. Redio ya bei nafuu inabidi iipite picha yote kabla ya kufika kwenye sauti, ndiyo zile sekunde za ukimya kila wimbo unapobadilika. Fungua programu ya Mp3tag, chagua nyimbo zote, futa kava, hifadhi maelezo ya wimbo (jina, msanii) kwa muundo wa ID3v2.3. Dakika 10, umemaliza.

Wengine wanachukua faili la sauti la aina ya m4a kutoka YouTube, wanalibadilisha mkia wa jina tu kuwa mp3. Ukibadili kibandiko cha chupa ya mafuta ya taa haitakuwa alizeti. Simu inapiga kwa sababu inachungulia ndani, redio ya gari inakataa. Wanaojiona wajuzi wanageuza kilobiti 128 kuwa 320, wanakuuzia "HD". Sauti iliyokwisha kukatwa hairudi. Wimbo wa dakika 4 unatoka MB 3.8 kuwa MB 9.6, ukisikika vile vile.

Injili kufuatiwa na singeli, halafu wimbo wa Kisukuma, halafu injili tena? Redio nyingi hazifuati alfabeti, zinafuata mpangilio wa majina kwenye jedwali la kadi. Ukifuta 20 na kuongeza 20, mpya zinaingia kwenye mashimo ya zilizofutwa. Panga kwa folda, nakili upya zote kwa mkupuo, au tumia programu za kupanga, DriveSort au fatsort.

Mafundi redio nanyi msijifiche. Kila ukizima gari redio inarudi wimbo wa 001 na saa inapotea? Waya wa njano na mwekundu vimeunganishwa pamoja kwenye ACC, yaani umeme unaokuja ufunguo ukizungushwa tu. Pima kwa mita: njano iwe na volti 12 hata ufunguo ukiwa mfukoni, mwekundu upate umeme ufunguo ukifika ACC. Vyote viwili vikiwekwa kwenye umeme wa kudumu, asubuhi betri imelala. Baadhi ya Volkswagen zina nafasi hizo mbili zimegeuzwa kwenye soketi, usiamini rangi.

Inakatika ukipita kwenye mashimo? Ni adapta ya kadi ndogo (microSD), inacheza kwenye mdomo wa redio. Zamani ukingoja kivuko Kigongo ulikuwa na muda wa kuichomoa na kuifuta. Tangu 2025 kuna daraja la kama kilomita 3, unafika Busisi kabla wimbo haujaisha. Badili adapta.

NYONGEZA: Wenye redio za Kijapani, ambazo FM yake inaishia megahezi 90, za karibuni 95, najua kadi ndiyo tegemeo lenu. Ila kadi ya SD uliyoikuta ndani huenda ni ya ramani. Baadhi ya redio haziwaki bila hiyo. Usimkabidhi mjaza nyimbo aifomati. Irudishe ilipokuwa, nyimbo tafutia mlango wa USB.