Naomba ushauri: kumsafirisha mama mgonjwa kwa ndege kutoka Mafia

Ndugu zangu, mama yangu amepooza upande wa kushoto na anatakiwa kliniki Dar es Salaam, nami nataka apande ndege hapa Kilindoni, kwa sababu boti ya kwenda Nyamisati, bandari iliyo bara, pamoja na barabara inayofuata, vilimtesa mno mwezi uliopita. Ndege zinazotua kwetu nyingi ni ndogo, za abiria wapatao kumi na wawili, na ngazi yake ni vidaraja vichache vyembamba ambavyo yeye hawezi kuvikanyaga hata akishikwa mkono. Kiti chake cha magurudumu nacho, nilipokipima dukani, kilikuwa na kilo 18, ilhali tiketi inaruhusu mzigo wa kilo 15. Aliyewahi kumsafirisha mgonjwa wa namna hii, je, mgonjwa alibebwaje hadi kitini, na barua ya daktari ilihitajika?